Paa la vinili kwenye gari ya misuli: libaki au ling'oke? Jinsi ya kukagua, kung'oa na kuvalisha upya

Wakuu, kuna swali haliishi kila mtu akipata gari ya misuli (muscle car) ya Kimarekani ya mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, yaani hizi Chevelle, GTO, Charger, Cougar na ndugu zao: ina paa la vinili, yaani bati la juu limevalishwa kitambaa cha plastiki, nilibakishe au nilitoe? Afu watu wanaanza kubishana kwa macho tu, huyu anasema linapendeza, yule anasema linafanana na sofa la bibi, na mpaka kunakucha hakuna aliyeinua hata ukingo mmoja akaona chini kuna nini. Mimi naona vitu viwili ndo vinaamua, karatasi za gari na hali ya bati lililofunikwa. Kupenda au kutopenda kunakuja namba tatu, na mara nyingi ukifika hiyo namba tatu jibu umeshalipata.

Lilitoka wapi na kwa nini watu walilipenda

Wazo lenyewe ni rahisi, gari yenye paa la bati ionekane kama ile ya paa la turubai linalokunjwa, ila bila usumbufu wa turubai kuvuja na kupiga kelele barabarani. Ford walishauza Crestliner yenye paa la vinili mwaka 1950, ila kilichoiwasha kweli ni Thunderbird Landau ya 1962, ile yenye vyuma vya mapambo vyenye umbo la S kwenye nguzo za nyuma. Baada ya hapo kila kampuni ikaingia, na zilipokuja gari za misuli vinili ilikuwa tayari kwenye orodha ya vitu vya kuongezea, kwa bei ya karibu dola 100 za wakati ule. Kwa kiwanda na kwa muuzaji ilikuwa biashara nzuri, kitambaa na gundi na mikanda michache ya krome, gari inaonekana ya bei zaidi.

Na tuseme ukweli, kuna gari linaipendeza sana. Dodge Charger ya 1968 hadi 1970 ina zile nguzo za nyuma pana zinazoteremka kama mbawa, ukipaka rangi moja tupu pale nyuma panakuwa pazito, vinili nyeusi inapapunguzia uzito na ule mkanda wa krome chini yake unaipa gari mwisho unaoeleweka. Cougar pia, maana yenyewe tangu mwanzo ilitaka kuwa ya kistaarabu kidogo kuliko Mustang. Zambarau kali ya Mopar (yaani Dodge na Plymouth) na paa jeusi, au bluu ya giza na paa jeupe, hapo hata mimi nanyamaza. Ila kuna gari zingine vinili inaziongezea umri tu, na GTO yenye mistari safi kama ile ya 1968 mimi naona inapendeza ikiwa uchi, japo Pontiac wenyewe waliliuza hilo paa kwa jina zuri la Cordova na watu wakalinunua kweli kweli.

Afu kulikuwa na vituko. Plymouth mwaka 1969 na 1970 waliuza paa lenye maua, wakaliita Mod Top, yaani unaona Barracuda inapita juu ina maua kama kitambaa cha meza. Mercury nao 1970 wakaweka kwenye Cougar vinili yenye vicheki vya houndstooth. Kulikuwa na ya ngozi ya mamba pia kwenye Mopar. Hizi ndo zile ambazo ukiikuta gari nazo na karatasi zinathibitisha, mkono wako usiguse kisu kabla hujaongea na mtu anayezijua.

Ubaya wake, na kwa nini kutu inakaa humo

Watu wanasema "vinili inaleta kutu" kama vile ni uchawi, ila ukielewa inavyofanya kazi utajua pa kutazama. Vinili ya paa siyo plastiki peke yake, ni tabaka la plastiki juu na kitambaa chini, na kile kitambaa ndo kimegundishwa kwenye bati. Plastiki ikiwa mpya haipitishi maji. Lakini jua likiipiga miaka, kile kilainishi kilichomo kinatoka kidogo kidogo, plastiki inakauka, inasinyaa, inapasuka kwenye mishono na inajivuta kutoka pembeni za vioo. Hapo maji yanapata mlango, na kile kitambaa cha chini kinayanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, yanasambaa mbali na pale yalipoingilia. Juu jua limekausha, chini bado bichi. Unaosha gari Jumamosi, Jumatano bati bado linakunywa.

Ongezea na hii: viwanda vingi vilijua paa litafunikwa, kwa hiyo chini ya vinili mara nyingi hawakumalizia rangi vizuri, unakuta praima na ukungu wa rangi uliorukia pembeni, basi. Yale maungio ya paa na ubavu wa nyuma, ambayo kwenye gari isiyo na vinili yalijazwa risasi na kusuguliwa mpaka hayaonekani, kwenye gari yenye vinili yaliachwa na ukwaru maana nani angeyaona. Mfano mkubwa wa hili ni Plymouth Superbird ya 1970. Dirisha la nyuma lilibadilishwa umbo ili upepo upite vizuri kwa ajili ya mashindano ya NASCAR, na badala ya kukaa kusugua yale maungio gari moja moja wakazifunika zote kwa vinili nyeusi. Yaani ile gari inayoonekana ya kifahari kule juu, ufahari wake ni wa kuficha kazi ya haraka. Challenger SE ya 1970 nayo ilikuwa na dirisha dogo la nyuma na vinili ilikuja nayo, ukiivua unakutana na alama za kile kipande kilichopunguza dirisha, kwa hiyo ukitaka SE ya paa tupu jiandae kwa kazi ya bodi hasa.

Kitu cha tatu ni vile vitundu. Mikanda ya krome inayomalizia vinili imeshikwa na klipu, na klipu zimeshikwa na skrubu au vijiti vilivyochomelewa kwenye bati, na kwenye nguzo za nyuma vingi vinapitiliza ndani na nati. Kila kitundu ni mahali rangi imekwanguliwa. Kwa hiyo kutu ya paa la vinili inaanzia mara nyingi pembeni, kwenye mifereji ya vioo na chini ya mikanda, halafu ndo inatambaa kwenda katikati. Ukikuta katikati kuna malengelenge wakati pembeni pazima, huenda ni gundi tu imeachia. Ukikuta pembeni kumevimba, huo ni ugonjwa.

Joto sitalisema sana, kila mtu anajua paa jeusi juani linafanya nini ndani ya gari ambayo haina eyakondishena.

Anza na karatasi

Kabla ya bisibisi, jua gari ilizaliwa na nini. Kwenye General Motors, vinili ilikuwa na msimbo wa oda C08, na kwenye kile kibati cha bodi kilichopo chini ya boneti, karibu na ukuta unaotenganisha injini na dereva, sehemu ya rangi ina nafasi mbili, ya chini na ya juu, na kwenye Chevelle ya 1970 kwa mfano ukiona herufi B kwenye nafasi ya juu badala ya namba, ilitoka na vinili nyeusi. Kwenye Chrysler, yaani Dodge na Plymouth, tafuta kwenye kibati cha fenda msimbo unaoanza na V1, mfano V1X ni nyeusi na V1W ni nyeupe. Ford, Mercury na Lincoln za kuanzia 1967 unaweza kuagiza Marti Report, Pontiac wana ripoti ya PHS (Pontiac Historic Services), na hizo zinakuambia gari iliagizwa ikiwa na nini.

Kwa nini hili ni la kwanza? Kwa sababu mnunuzi wa kesho atakuja na hizo hizo karatasi. Gari ya kawaida, injini imeshabadilishwa, rangi imeshabadilishwa, hakuna wa kukulilia ukivua vinili. Ila gari yenye injini yake ya asili, rangi yake ya asili na karatasi zake, afu wewe umeng'oa paa kwa sababu hupendi, umejipunguzia mwenyewe. Na kinyume chake pia kipo: gari ambayo kibati hakionyeshi vinili popote lakini juu imevaa. Hiyo unajiuliza nani aliivalisha, lini, na alikuwa anaficha nini.

Kukagua gari unayotaka kununua

Nenda mchana, jua likiwa limeinama, asubuhi au jioni, maana mwanga wa pembeni unaonyesha kila kilima. Chuchumaa nyuma ya gari uangalie paa kwa usawa wa jicho. Kila uvimbe ubonyeze kwa kidole taratibu. Ukiwa laini na unarudi, ni hewa, gundi imeachia. Ukisikia kitu kinakatika ndani kama maganda ya karanga, hayo ni magamba ya kutu, na hapo bei inaanza kushuka. Ukiwa mgumu kama jiwe na haubonyei, inaweza kuwa puti aliyoweka fundi wa zamani halafu akafunika.

Halafu nenda kwenye pembe za chini za dirisha la nyuma, kushoto na kulia. Kama una dakika tano tu na gari hiyo, zimalizie hapo. Maji ya paa zima yanateremka pale na yanakaa. Chungulia chini ya mkanda wa krome kwa tochi, na kama mwenye gari anakubali, gusa kwa ncha ya bisibisi, siyo kuchoma, kugusa tu. Bati zima linakurudishia mlio, bati lililooza linameza ncha.

Fungua buti. Nyanyua zulia, angalia kisima cha tairi la spea, angalia kwa juu pale chini ya dirisha, ukiona michirizi ya rangi ya chai inateremka ujue inatoka kwenye paa, siyo kwenye mpira wa buti kama utakavyoambiwa. Ukiingia ndani ya gari, vuta kidogo ukingo wa kitambaa cha dari pale juu ya mlango au dirisha la nyuma kama unaachia bila kuchanika, umulike bati kwa chini. Vitobo vya kutu vinaonekana kama nyota. Na pua isilale, gari iliyokunywa maji ina harufu ya zulia bichi hata ikipuliziwa manukato gani.

Sumaku nayo inasaidia ila watu wanaitumia vibaya. Vinili yenyewe ina unene, kwa hiyo sumaku itashika kidogo tu kuliko kwenye mlango. Unachofanya ni kulinganisha paa na paa lenyewe, chukua sumaku ya bapa ile dhaifu, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe kuanzia katikati kwenda kwenye nguzo. Ikishika katikati afu ikadondoka kwenye nguzo, pale pana puti nene. Kwenye maungio tegemea kidogo, maana hata kiwandani palijazwa, ila eneo la kiganja kizima, hapana.

Na sasa nitasema kitu wauzaji hawakipendi: vinili mpya inayong'aa kwenye gari ya miaka hamsini, bila picha hata moja ya bati lilivyokuwa wakati imevuliwa, kwangu ni mbaya kuliko vinili iliyopasuka. Iliyopasuka inakuonyesha kidonda, mpya imekivalisha shati. Niliwahi kumsaidia jamaa mmoja kuvua paa la Chevelle aliyoinunua kwa sababu "paa limebadilishwa juzi", na chini ya vinili ile safi tukakuta kutu imepigwa puti, puti imepigwa rangi ya kopo, na kwenye kona ya kioo kuna kipande cha bati kimegundishwa. Kimegundishwa, siyo kuchomelewa. Alikaa chini kwenye ndoo akacheka mpaka nikaogopa.

Kuvua

Haijalishi utavalisha upya au utaacha tupu, kazi ya kuvua ni ile ile, na ukitaka kuifanya vizuri vioo vya mbele na nyuma vinatoka. Najua hutaki kusikia. Lakini vinili imeingia ndani ya mfereji wa kioo, na kutu mbaya iko humo humo, ukikata vinili usawa wa kioo na kuacha kilichobaki umeacha ugonjwa na kuondoa nguo.

Mikanda ya krome kwanza, na kuna kile kikono bapa cha kuachia klipu, nunua, ni cha bei ndogo, ukitumia bisibisi utaikunja mikanda na baadhi yake haipatikani tena kirahisi. Piga picha kila mkanda ulipokaa, weka klipu kwenye mifuko yenye majina. Zile za nguzo za nyuma nati zake ziko ndani, utazifikia kupitia buti au kwa kufungua upholstari, zimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, maana vijiti vyake vinakatika kwa kuangaliwa tu.

Halafu blowa ya hewa moto na subira. Pasha ukingo, inua, vuta taratibu kwa pembe ndogo, pasha mbele, vuta. Nzee sana itatoka vipande vipande na kitambaa kitabaki na gundi. Baadhi ya mapaa yana godoro jembamba la sponji chini, hilo linatoka kama ugoro, vaa barakoa. Gundi iliyobaki utailainisha kwa dawa ya kutoa gundi na kuikwangua kwa kikwangulio cha plastiki, madirisha na milango wazi, hakuna moto karibu, na hiyo blowa yako iwe imezimwa na imepoa kabla hujafungua kopo la dawa. Usirukie grainda kwenye gundi, inayeyuka inapaka kila mahali.

Kwenye yale maungio ya nguzo angalia rangi ya chuma. Ukiona kijivu laini kinachong'aa kama fedha iliyochoka, hiyo ni risasi, na vumbi lake ni sumu, usiisugue kwa mashine bila barakoa ya maana na usilipulize vumbi kwa kompresa likazagaa gereji nzima.

Bati likiwa wazi

Sasa ndo unajua uliyonunua. Kutu ya juu juu, ile ya rangi ya chungwa bila mashimo, isugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati jeupe, vishimo vidogo vilivyobaki vipake dawa ya asidi ya fosforiki, suuza na kausha kama maelekezo yake yanavyosema. Usimruhusu mtu apige paa zima kwa mchanga wa presha. Paa ni bati pana na halina mgongo, likipigwa na mchanga linajikunja mawimbi na hakuna anayelirudisha kirahisi.

Palipotoboka panakatwa mpaka kwenye bati zima na kipande kipya kinachomelewa kwa nukta nukta, ukiruka huku na huku ili joto lisikusanyike. Hapa fundi mzuri ni pesa nzuri. Mfereji wa dirisha la nyuma ukiwa umekwisha kuna vipande vilivyotengenezwa tayari kwa gari maarufu kama Chevelle na Camaro, na kazi hiyo inaweza kuzidi kwa mbali bei ya vinili yenyewe, ambayo ni dola mia kadhaa. Ndo maana nilisema kupenda kunakuja namba tatu.

Kama unaacha paa tupu, vitundu vyote vya klipu za vinili vichomelewe, usivizibe kwa puti, vitafufuka. Maungio yaliyoachwa na ukwaru yatataka kujazwa na kusuguliwa mpaka macho yasiyaone, afu rangi. Na rangi ya paa inabidi ishuke nguzo mpaka mahali pa kumalizia, ambapo kwenye gari nyingi hakuna, kwa hiyo unajikuta unapaka ubavu mzima. Piga hesabu ya gari nzima kabla ya kusema "natoa tu vinili".

Kama unavalisha tena, usirudie kosa la kiwanda. Praima ya epoksi mikono miwili, maungio yote yapigwe mastiki ya kuziba, mfereji wa vioo uingie rangi mpaka ndani kabisa, halafu juu ya yote rangi kamili, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), kama vile paa litaonekana. Hakuna atakayeliona, sawa. Maji yataliona. Iache ikauke siku kadhaa, maana gundi ya vinili ina dawa kali na rangi ambayo haijakomaa inakunjamana chini yake.

Kuvalisha vinili mpya

Agiza ile iliyokatwa kwa ajili ya modeli na mwaka wako, na chapa ya ngozi iwe ile ile ya asili, zina majina kama Levant na Elk na mtu anayezijua ataona tofauti akiwa mbali. Ikifika usiifanyie kazi siku hiyo, imekunjwa kwenye boksi, itandaze mahali penye joto ilale mpaka mikunjo itoke. Siku ya kazi iwe ya joto, nyuzi 21 kwenda juu, baridi inaifanya ngumu na utaipasua kwenye kona.

Tafuta katikati ya paa mbele na nyuma kwa utepe wa kupimia, bandika alama kwa selotepu ya karatasi. Kunja vinili nusu kwa nusu, weka alama katikati yake nayo. Nyingi zina mishono miwili inayokimbia kutoka mbele kwenda nyuma, na mishono hiyo ndo itakayokuaibisha, maana ikipinda sentimita moja mtu aliye ghorofani anaiona. Ilaze kavu kwanza, bila gundi, lainisha, angalia pembeni pamebaki kiasi gani kila upande, sogeza, angalia tena. Nusu saa ya hapa inakuokoa.

Gundi iwe ya mgusano inayovumilia joto kali, siyo ile ya kopo la kupuliza ya mapambo, hiyo jua la kwanza inaachia. Kunja nusu moja ya vinili juu ya nyingine, paka gundi kwenye bati na kwenye kitambaa, eneo la kipande cha katikati tu, nyembamba na sawasawa, maana kila donge litaonekana juu milele. Subiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole inanata kidogo ila haitoki na kidole, kawaida dakika 10 hadi 15 hivi. Ikiwa bichi unafungia hewa ya dawa chini na kesho yake una malengelenge. Halafu watu wawili, mmoja ameishika juu, mwingine analaza kutoka katikati akisukuma kwa kiganja kwenda nje, wala usiivute, ilaze. Geuza nusu nyingine, rudia. Mishono ikiwa imenyooka ndo uende pembeni, kipande cha kushoto, kipande cha kulia.

Kwenye kona na nguzo ndo blowa inarudi, joto dogo, vinili inalainika kama ulimi, unaivuta kidogo tu ikumbatie umbo. Usiizidishie, ikivutwa sana moto ukitoka inataka kurudi ilikotoka, inaachia kona baada ya mwezi, na ile chapa ya ngozi inafutika panabaki panang'aa kama kiwiko cha koti la zamani. Kwenye mfereji wa kioo isukume ndani mpaka chini kwa kikwangulio cha plastiki, kata ukibakiza sentimita moja hivi ndani ya mfereji, ukingo uliokatwa ulale kwenye gundi. Klipu zikirudi, kila skrubu iingie na tone la mastiki. Acha ilale siku nzima kabla ya kurudisha vioo. Vimalengelenge vidogo vya hewa vikibaki, sindano nyembamba na joto kidogo vinalala, usiviguse kwa kisu.

Kama gari siyo ya mashindano ya uasilia na unataka tu muonekano, fikiria ile ya kuishia mbali na vioo, inayoacha ukanda wa rangi ya gari kuzunguka madirisha. Haiingii kwenye mifereji kabisa, kwa hiyo mlango mkubwa wa maji unakuwa haupo. Mimi ningeichagua hiyo.

Kuitunza

Sabuni laini, brashi laini, maji mengi, suuza mpaka povu liishe kwenye mikanda. Jiki na dawa za kung'arisha matairi zenye mafuta ziwe mbali, zinakausha plastiki haraka kuliko jua. Dawa ya kukinga mionzi ya jua isiyo na mafuta ya petroli, mara moja kila miezi miwili gari ikiwa inakaa nje. Nyeusi iliyopauka inaweza kupakwa rangi maalumu ya vinili, ile inayopenya, ila isafishwe mpaka mafuta yote yatoke, la sivyo inabanduka maganda maganda. Mshono ukianza kufunguka uzibe siku hiyo hiyo, usisubiri Jumapili.

Na ile kava ya gari usiifunike juu ya paa bichi. Baada ya mvua au kuosha, pitisha kitambaa kikavu chini ya mikanda ya krome, fungua buti, weka mkono kwenye zile kona mbili chini ya dirisha la nyuma. Mkono ukitoka mkavu funika gari ukalale, ukitoka na unyevu chukua bomba la maji kesho yake, mtu mmoja akae ndani ya buti na tochi, wewe mwagia taratibu ukianzia chini ya kioo ukipanda juu, mpaka apige kelele.